Nepi Kubwa za Madam

Alizaliwa wapi hasa sijui, na sikumwuliza. Watu wa Lurambi walisema ni mtu wa upande wa Malinya, naye hakukanusha. Mimi nilimkuta akiwa tayari mwanamke mzima, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi, akianika nepi kabla watoto wa shule hawajapita. Tulimwita Madam. Alikuwa amefundisha ushonaji katika chuo cha ufundi kwa miaka mingi, na wanafunzi wake waliotawanyika mjini hawakujua kumwita vingine. Sisi majirani tukadandia. Hata mchungaji alimwita Madam, tena kwa sauti ya mwanafunzi aliyechelewa. Nikimtaja, ulimi wangu unakimbilia kusema "alikuwa", na hali yuko hai, hapo ng'ambo ya ua.

Ua wetu ni mmoja, michongoma iliyochoka, na kupitia mianya yake nimeitazama kamba yake ya nguo kwa miaka kumi na tisa. Kamba yenyewe ni waya uliofungwa kutoka kwenye mparachichi hadi nguzo ya bafu. Naijua kamba ile kuliko ninavyowajua baadhi ya ndugu zangu.

Jua la Kakamega ni la asubuhi. Ikifika saa nane mchana mawingu yanashuka, mvua inanyesha, na mwenye nguo nje atazianika jikoni zinuke moshi wiki nzima. Kwa hiyo Madam alifua kukiwa bado na umande. Nepi yenye doa aliianika ingali imelowa, doa likitazama juu, na kufikia saa sita doa lilikuwa limekwenda bila kutiwa chochote. Niliwahi kumpa chupa yangu ya dawa ya kung'arisha nguo, akairudisha haijafunguliwa.

"Hii inakulanga uzi," aliniambia. "Inatoa doa na kitambaa pamoja. Jua inatoanga doa peke yake."

"Na siku ambayo hakuna jua?"

"Siku hiyo unavumilia doa. Doa haijawahi kuua mtu."

Nepi zilikuwa za mwanawe. Kwetu Waluhya mama humwita mtoto wake wa kiume papa, maana yake baba, hasa akiwa amerithi jina la babu yake, na huyu hakuwahi kuitwa kingine. Papa aliumia ubongo siku ya kuzaliwa. Hatembei, hakai bila kuegemezwa, hasemi neno, ingawa sauti za watu anazitambua na akikupenda anakutolea mlio fulani wa kooni kama njiwa. Daktari mmoja alimwambia Madam asitarajie mtoto huyo kupita miaka saba. Baba yake aliyasikia hayo, akafungasha, akaenda kuanza upya kwingine. Nilipohamia pale Papa alikuwa na miaka kumi na mitatu na kilio chake kilikuwa kinaanza kuwa cha kiume. Sasa ana thelathini na miwili.

Daipa za watu wazima ziko kwenye maduka ya dawa mjini, lakini ni za wenye nazo, na ngozi ya Papa ilizikataa ile mara moja alipovalishwa. Kwa hiyo Madam alishona. Nepi yake moja ingeweza kufunga watoto watatu. Katikati kulikuwa na taulo kuukuu lililokunjwa mara mbili, nje shuka ya pamba iliyolainika kwa uzee, na kingo zote zimepitishwa cherehani mara tatu. Za juu, zile za kuzuia maji, alizishona kwa kitambaa cha miavuli iliyovunjika, na Kakamega haikosi miavuli iliyovunjika. Watu walimletea kila msimu wa mvua. Alizichambua mbavu za chuma, akakagua kitambaa juani kama anayekagua yai, akakipokea au akakirudisha kwa mwenyewe papo hapo.

Lazima niseme juu ya wageni wa mtoto, maana hapa mtaani kisa hicho bado kinachekwa, na mimi huwa nacheka pamoja na wengine halafu najichukia.

Kutoka barabarani huwezi kujua ukubwa wa zile nepi. Unaona weupe tu, safu ndefu, kila asubuhi. Mwaka fulani lilihamia hapa kundi la akina mama wa kanisa jingine, wachangamfu, na kwetu nyumba ikianika nepi huulizi, unajua kuna mtoto, na kwenda kumwona mtoto mikono mitupu ni aibu. Wakachanga. Siku ya Jumamosi wakaja kwa wimbo, wanawake tisa, na sukari, unga, miche ya sabuni, leso mpya, na jogoo amefungwa miguu. Mimi niliwaona wakigeuka kwenye lango la Madam. Ningeweza kuwakimbilia. Nilisimama na kisu cha kumenyea viazi mkononi, nitazame itakuwaje.

Madam alifungua mlango. Alitazama jogoo, akatazama leso, akaelewa. Mwanamke mwingine angewaeleza palepale nje. Yeye alisema, "Karibuni, muone mtoto," akawapisha.

Wimbo ulikatika mara moja, katikati ya neno. Nikaingia nami kwa kisingizio cha kusaidia chai. Akina mama wamekaa wamebanana, wanatazama sakafu, na Papa kwenye godoro lake anawalilia ule mlio wake wa njiwa, kwa sababu alipenda nyimbo. Mkubwa wao alijikaza.

"Mtoto anaitwa nani, mama?"

"Papa."

"Ako na... ako na muda gani?"

"Miaka ishirini na nne mwezi ujao," Madam akasema. "Hajasumbua. Ananyonya vizuri."

Hakuna aliyecheka. Walikunywa chai wakijiunguza midomo, wakaomba kwa haraka, wakaacha kila kitu mezani na kuondoka bila wimbo. Madam alimchinja yule jogoo, akapika obusuma, ugali wetu, tukala. Aliniambia ingokho ile, kuku wa heshima kwetu, ilikuwa ya kwanza kabisa Papa kuletewa tangu azaliwe. Alipozaliwa watu walikuja kulia, hawakuja na kuku. Halafu akasema labda wale akina mama watarudi, sasa wamemjua. Alikaa akiwatazamia Jumamosi kama nne hivi. Hawakurudi.

Somo langu mwenyewe lilianza mapema zaidi. Nilikuwa nimejifungua Musimbi, kifungua mimba wangu, na siku ya nne baada ya kutoka hospitali niko uani na beseni, najiona mama kamili. Nimetia sabuni ya unga konzi mbili, maji ya moto yanafuka, na juu yake dawa ya kulainisha nguo yenye harufu ya maua, zawadi ya wifi yangu. Madam akapita kwenye mwanya wa michongoma bila hodi. Akachukua nepi kavu kwenye kamba yangu, akaitandaza kiganjani, akachovya kidole kwenye ndoo na kuidondoshea tone. Tone likateleza likaanguka chini.

"Umeona? Hii sasa si nepi, ni mwavuli. Dawa yako imefunga kitambaa."

"Lakini Madam, inanukia vizuri."

"Mtoto atanukia vizuri na matako yake yatoke ngozi. Mwaga."

Nikamwaga. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na mshono unauma, na mwanamke nisiyemjua amenisimamia kama askari, lakini nilimwaga. Akanifundisha. Maji baridi kwanza, kwa sababu ya moto hupika uchafu ukashika. Sabuni kidogo, na ya mche. Suuza mpaka maji yasiteleze tena kati ya vidole, maana sabuni inayobaki ndiyo inayochubua mtoto na kukausha uzi. Maji ya mvua yakipatikana ni bora, hayali sabuni. Nepi isilale kwenye ndoo zaidi ya siku moja, itaoza. Chenye mpira hakisongolewi, kinakamuliwa kwa kubonyezwa, na kikianikwa kisining'inie kwa mpira wake. Nepi mpya ifuliwe na kukauka mara tano kabla haijaguswa na mtoto, ndipo inajua kunywa maji.

Na la mwisho, ambalo sijaona mtu mwingine akilifanya: nepi ikianza kuwa nyepesi katikati, kabla haijatoboka, unaikata katikati kabisa, unageuza, unashona kingo mbili zilizokuwa nje ziwe katikati mpya. Palipochoka panakwenda pembeni pakapumzike. "Hapo umepata nepi ingine," alisema. "Nguo haiuawangi na mwenye kuvaa. Inauawanga na mwenye kufua."

Nepi zangu nane zilivaliwa na Musimbi, zikavaliwa na wadogo zake wawili, zikaenda Mumias kwa mtoto wa dada yangu, na moja ilirudi. Nafutia nayo cherehani mpaka leo. Mimi ni fundi wa nguo, nina kibanda sokoni, na nakiri kwamba kushona nilifundishwa na watu wengine lakini kutunza nilifundishwa na yeye.

Hakuwa mtu mtamu. Hakuazimisha nepi, hata kitambaa, hata pini. Ukimwomba pini alikutazama kama umemwomba jino. Lakini somo alilitoa bure kwa kila mwanamke aliyejifungua mtaani, akiitwa au asiitwe. Mlango haukumzuia na wakwe hawakumzuia. Alisimama juu ya beseni lako, akatazama mikono yako zaidi ya alivyotazama nguo. Nilidhani ni ule ugonjwa wa ualimu, kwamba mtu aliyezoea darasa hawezi kukaa bila kusahihisha wenzake. Tulimcheka. Jirani mmoja alikuwa akimwona kwa mbali anaficha beseni chini ya kitanda.

Na bado mwanamke huyu, aliyeweza kunyamazisha chumba kwa kukohoa, alikuwa mgonjwa wa mapigano ya fahali. Hilo ndilo lililonifanya niamini kwamba ni wa Malinya kweli, maana huko ndiko fahali hupiganishwa. Redio ikitaja mpambano, mikono ilimwasha. Aliyajua majina ya fahali wa miaka ishirini iliyopita, nani alimshinda nani, pembe ipi ilivunjika. Alikuwa hawezi kwenda kwa sababu ya Papa. Siku moja, Papa akiwa na miaka kama ishirini, nilijitolea mwenyewe. Nilimwambia, "Madam, nenda. Nitakaa na yeye."

Hakuamini. Alinionyesha mara mbili uji ulipo, taulo lilipo. Juu ya meza aliacha nepi kavu imekunjwa tayari, na pini mbili juu yake. Aliondoka amevaa gauni la rangi ya machungwa ambalo sijaliona tena.

Nilimlisha Papa uji. Nilimwimbia. Ilipofika saa nane hivi akajikojolea, halafu na haja kubwa. Nepi ilikuwa pale, pini zilikuwa pale. Hakuna kitu juu ya nepi ile ambacho sikukijua. Ningeweza kukuambia ni shuka ya mwaka gani. Lakini mtu mwenyewe alikuwa mwanamume, ana ndevu ambazo mama yake humnyoa Jumapili, na mimi nilijiambia kwamba kwa desturi yetu mama haoni utupu wa mwana mkubwa wa mwenzake, kwamba mume wangu angesema nini, kwamba Madam hatakawia. Papa akaanza kulalamika. Nikasogeza kiti karibu na dirisha. Akalalamika zaidi. Nikaongeza redio.

Madam alirudi saa kumi na moja, sauti imemkauka kwa kushangilia, ana jani limenasa kwenye kitambaa cha kichwa. Alianza kunisimulia akiwa bado mlangoni, "Mama Musimbi, ungeona ile nyekundu ya..." Kisha harufu ikamfikia. Akatazama meza. Akaweka mkoba chini, akapiga magoti, akambadilisha mwanawe, na nikaona mapaja ya Papa yalivyokuwa mekundu. Alifanya kazi ile bila haraka. Alipomaliza alinawa mikono, akasema, "Asante kwa kukaa na yeye." Sikupata kujua fahali mwekundu alifanya nini. Hakwenda tena Malinya, na mimi sikujitolea tena.

Hapo mtu atasema basi mwanamke huyo alijua tangu siku ile kwamba mimi si mtu wa kutegemewa. Alijua. Ila alikuwa na watu wachache mno wa kuchagua.

Alitafuta, tena alitafuta kwa miaka. Alimleta mtoto wa dada yake kutoka kwao, msichana mwenye mikono myepesi, akamfundisha nusu mwaka. Papa alimzoea hadi akawa anakataa uji wa mtu mwingine. Msichana akapata njia ya kwenda Saudia kuwa yaya, na nani wa kumlaumu. Huko anafua nguo za watoto wa watu na anatuma picha. Papa alikaa siku tatu bila kula. Baadaye akaja mtoto wa kaka yake, kijana wa maneno mazuri, akasema shangazi asijali, yeye atahamia pale na kumtunza ndugu yake, ila ni vizuri karatasi za ploti ziandikwe mapema. Madam alimpa nepi chafu aipeleke uani. Yule kijana aliokota kijiti, akaibeba kwenye ncha ya kijiti, mkono umenyooka, uso umegeukia kando. Jioni ileile Madam alimpa nauli ya kurudi.

Aliwahi kukodi gari akazunguka na Papa kwenye makao ya aina mbalimbali. Wa kwanza walichukua watoto tu. Wa pili walichukua watu wazima, lakini awe anaweza kujilisha. Wa tatu walimwonyesha vyumba, akaingia, akanusa, akaona kamba ya nguo imejaa vitambaa vigumu kama ngozi kavu, akamrudisha Papa ndani ya gari. Kanisani walimpangia zamu za kumsaidia. Zamu zilikwenda wiki mbili. Baada ya hapo wakawa wanamwombea Papa apone, kila ibada, kwa machozi, mpaka siku moja Madam akasimama katikati ya maombi na kusema kwa ile sauti ya darasani, "Msimwombee kupona. Miaka yote hii mnaombanga apone. Ombeni mtu." Wakamkalisha. Walisema amechoka.

Kama miaka saba iliyopita niliingia kwake nikamkuta amezungukwa na vitambaa, cherehani inavuma. Alikuwa anashona nepi mpya. Nilihesabu kumi na nane, na nyingine zimekatwa zinangoja. Uzi alioutumia ulikuwa ule wa kushonea mabegi.

"Za nini zote hizi, Madam? Papa ako na za kutosha."

"Hizi si za saa hii."

"Za lini?"

Akaendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno. "Za wakati mimi siko. Nikienda, hakuna mtu atasema alishindwa sababu ya nepi."

Nilisimama pale, nikaelewa mambo mengi kwa mkupuo. Nilielewa kwa nini alitufundisha sote, kwa nini alitazama mikono. Ugonjwa wa ualimu haukuwapo. Alikuwa anachagua. Nilielewa pia kwa nini nepi zile hazikuruhusiwa kuchakaa: zilitakiwa zimzidi yeye maisha. Na nilielewa kwamba katika mtaa mzima hakuna aliyefua karibu na alivyofua yeye isipokuwa mimi.

Sitaficha nilichofanya. Wiki ileile nilimwambia mume wangu azibe kwa mabati ule mwanya wa michongoma tuliokuwa tukipitia. Nikasingizia kuku. Madam alitoka nje akamtazama mume wangu akipigilia, akamsalimia "Mulembe", akaingia ndani. Tangu hapo ilinibidi kuzunguka barabarani na kupita langoni ili nifike kwake, na ukipita langoni unakuwa mgeni, na mgeni haji kila siku.

Mwaka huu, mvua za masika zikiwa zimekolea, kamba ilikaa tupu siku mbili. Siku ya kwanza nilijiambia ni mvua. Siku ya pili asubuhi kulikuwa na jua safi, jua la kumtia Madam wazimu, na kamba bado tupu. Nikazunguka.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama wa mtu mwingine, na mdomo umevutika kidogo upande huo. Aliniambia mkono ulikufa ganzi juzi akiinua ndoo. Miwani imekaa upande, kioo kimoja juu, kingine chini. Papa yuko kwenye godoro lake nyuma ya kiti, amevaa nepi iliyofungwa vibaya, pini imepitishwa mara moja tu, kwa mkono wa kushoto na meno. Kwenye beseni kulikuwa na nepi za siku mbili. Harufu sitaieleza.

Nilimwambia twende hospitali. Akauliza, "Na huyu?" Nikakunja mikono ya blauzi nikafua. Maji baridi kwanza. Sabuni kidogo. Alinisimamia kutoka kwenye kiti.

"Suuza tena."

"Nimesuuza mara tatu, Madam."

"Shika maji na vidole."

Nikashika. Yalikuwa bado yanateleza. Nikasuuza tena. Zilipotoka zilikuwa safi kabisa, nzito, nzima, nepi za miaka saba ambazo hazikuwa na uzi uliolegea hata mmoja, na bado kulikuwa na nyingine kabatini ambazo hazijaguswa. Nilikuwa naikamua ya mwisho aliponiita.

"Mama Musimbi."

"Naam, Madam."

"Wewe ndiye unajuanga kazi hii. Si hao wengine."

"Wewe ndiye ulinifundisha."

"Sijakuuliza hiyo. Nakuuliza, utamchukua?"

Nimefikiria sana kuhusu jibu langu. Nilikuwa na mengi ya kusema na yote ni ya kweli: magoti yangu, kibanda sokoni, mume wangu ambaye hajawahi kukanyaga nyumba ile, Musimbi anayetaka kuendelea na chuo. Papa ana uzito wa gunia la mahindi. Anaweza kuishi miaka ishirini mingine. Amewakaidi madaktari tangu alipovuka saba. Niliinamia beseni nikayapanga maneno hayo yote, halafu nikaona haya kuyatoa.

"Madam, sitaweza."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayetia alama kwenye daftari. "Afadhali wewe umesema. Wengine wananiambianga Mungu atafungua njia."

Kuku wangu walikuwa wanalia ng'ambo ya mabati. Papa alikuwa macho, anachezea vidole vyake kwenye mwale wa jua uliopita mlangoni, ametulia, kwa sababu nilikuwa nimembadilisha. Ndiyo, nilimbadilisha, asubuhi ile, na mikono yangu haikukatika.

"Basi nisaidie kuomba," Madam akasema. "Hii sala nyingine naombanga peke yangu, sijawahi kuambia mtu. Naona haya."

"Tuombe nini?"

"Papa atangulie." Alisema bila kunitazama. "Siku moja tu. Siombi zaidi. Nimwoshe mimi, nimvalishe kavu mimi, nimzike. Na kesho yake niende. Siku moja, Mama Musimbi. Ni dhambi?"

"Sijui, Madam."

"Hata mimi sijui. Shika huu mkono, huu mwingine hausikii."

Nikaushika wa kushoto, wangu ungali na maji ya sabuni. Akaomba kwa lugha ya kwao, kwa ufupi, bila kutafuta neno, na ilikuwa wazi kwamba sala hiyo ameisema asubuhi nyingi kabla ya mimi kuamka. Papa aliposikia sauti ya mama yake alianza ule mlio wake wa njiwa, akaendelea nao mpaka mwisho. Madam akasema amina. Na mimi, niliyekuwa nimekataa kumchukua, niliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko yake.